Gugu Hufuata Njia ya Watu



Kama wataka kujua gugu jipya litaingia shambani kwako kwa upande gani, usitazame katikati ya shamba. Tazama kando ya njia. Tazama mahali ng'ombe wanapopita kwenda kunywa maji, mahali lori la maziwa linaposimama asubuhi, lango la shule, na kijia kile wapitacho watu wote waendao sokoni. Gugu halina miguu, lakini husafiri kwa miguu yetu. Mbegu zake hushika katika matope ya viatu, katika kwato za wanyama, katika magurudumu na katika pindo za nguo. Pale unapojikung'uta ndipo linapoanza maisha yake mapya.

Kila mkulima hupalilia shamba lake, maana shamba lina mwenyewe. Lakini njia ni ya nani? Njia ni ya watu wote, na kitu cha watu wote aghalabu hakina mtunzaji. Kwa hiyo gugu hukaa kando ya njia mwaka wa kwanza, hukomaa, hutoa mbegu, wala hakuna aliyeliuliza habari. Mwaka wa pili liko katika boma la jirani. Mwaka wa tatu liko katika mahindi yako, nawe wasema limekuja ghafula. Halikuja ghafula. Lilikuwa likingoja njiani, nawe ulilipita kila siku.

Mwezi huu tutaeleza habari za watu fulani wa Marekani ambao wamelishika jambo hili kwa mikono yao. Hao si maofisa wa serikali, wala hawalipwi mshahara. Ni watu watembeao milimani na misituni siku za mapumziko kwa kujifurahisha, na katika kutembea kwao huyatafuta magugu ya kigeni na kuandika mahali yalipo. Kazi yao ina faida kubwa, na ina kasoro zake vilevile. Yote mawili yatufaa sisi wakulima wa skimu.

NJIA NI MLANGO

Kwanza tujue kwa nini gugu hupenda njia. Sababu ni nne.

Ya kwanza ni mwanga. Msitu mnene una kivuli, na mbegu nyingi za magugu hazioti vizuri kivulini. Njia ikikatwa, jua hufika chini. Ya pili ni udongo. Kando ya njia udongo umechimbuliwa na kukanyagwa, na mimea ya asili imekufa au imedhoofika. Kwa hiyo mgeni hapati wa kushindana naye. Ya tatu ni maji ya mvua, ambayo hutiririka njiani kama mferejini na kuzichukua mbegu kutoka juu kuzipeleka chini. Ya nne ni wapitaji wenyewe, watu na wanyama, ambao huleta mbegu mpya kila siku.

Jambo hili limeonekana hata hapa kwetu Afrika Mashariki. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp alichunguza mimea ya kigeni katika Mlima Kilimanjaro, na katika mwaka wa 2008 alichapisha habari kwamba watalii wana sehemu yao katika kuieneza. Nyasi moja ndogo ya Ulaya, iitwayo Poa annua kwa jina la kitaalamu, imepanda mlima pamoja na wageni kwa kufuata njia zao. Hakuna aliyeipanda huko kwa jembe. Ilipanda yenyewe, katika viatu.

WATU HAWA NI NANI?

Karibu na mji mkubwa wa New York kuna milima yenye misitu, upande huu na upande huu wa mto Hudson. Watu wa mjini hupenda kwenda huko Jumamosi na Jumapili kutembea kwa miguu. Mwaka wa 1920 vyama vyao viliungana na kufanya chama kimoja kiitwacho New York-New Jersey Trail Conference, kwa ajili ya kutengeneza na kutunza njia za miguu. Wanachama wake ndio waliofungua, katika mwaka wa 1923, kipande cha kwanza cha njia ndefu ya Appalachian, ambayo leo yapita katika majimbo 14 ya Marekani. Chama hiki sasa hutunza njia za miguu zaidi ya maili 2,000, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na watu wa kujitolea: mwalimu, mwuguzi, fundi, mzee aliyestaafu. Kila mmoja hupewa kipande chake, akakata matawi yaliyoanguka na kupaka upya alama za njia.

Basi watu hao, kwa kuwa walipita njia ileile mwaka baada ya mwaka, walikuwa wa kwanza kuona kwamba msitu unabadilika. Maua waliyoyajua yalikuwa yakipungua, na mahali pake pameshikwa na mimea mingine. Chuo kikuu cha Rutgers katika jimbo la New Jersey kilishirikiana na chama hicho kuwafunza watu wa kujitolea kuyatambua magugu ya kigeni na kuyaandika. Kutoka mwaka wa 2011 chama chenyewe kimekuwa na kikosi cha kupambana na magugu hayo, chenye sehemu mbili: wale wanaotafuta na kuandika, na wale wanaokwenda kung'oa.

MAGUGU WANAYOYATAFUTA

Yafaa tuyajue machache, maana historia yake ina mafunzo kwetu.

Baberi ya Kijapani. Hiki ni kichaka kifupi chenye miiba na matunda mekundu. Mbegu zake zililetwa Marekani mwaka wa 1875, na watu wakakipenda kwa ua wa nyumba. Wakulima wa ngano wasikilize hapa. Zamani wageni kutoka Ulaya walikuwa wameleta Marekani baberi ya aina nyingine, na ile ilionekana kuwa ni makao ya ugonjwa wa kutu ya shina, ule ule uuao ngano, ambao aina yake kali iitwayo Ug99 iligunduliwa Uganda na kuingia Kenya pia. Mwaka wa 1918 serikali ya Marekani ilianza kuing'oa baberi ile ya Ulaya, na hata watoto wa shule walifundishwa kuitambua na kutoa habari wakiiona. Baberi ya Kijapani haikuwa na ubaya huo wa kutu, basi watu wakashauriwa kuipanda badala yake. Ndege wakala matunda, wakapeleka mbegu msituni, na leo ile iliyosifiwa imekuwa adui. Jimbo la New York lilipitisha amri ya kuizuia biashara yake, ambayo ilianza kazi mwaka wa 2015.

Ubaya wake si wa kuziba nafasi tu. Watafiti katika jimbo la Connecticut walionyesha kwamba penye vichaka vizito vya baberi hii kupe ni wengi zaidi, maana chini yake unyevu hukaa, na kupe hupenda unyevu. Kupe wale huwaambukiza watu ugonjwa wa Lyme. Sisi ambao tumeona ndama akifa kwa ndigana hatuna haja ya kufundishwa hasara ya kupe.

Haradali-saumu. Mmea huu ukiusugua majani, hunuka kama kitunguu saumu. Uliletwa kutoka Ulaya kwa ajili ya kula na dawa, na uliandikwa kwa mara ya kwanza katika Long Island, New York, mwaka wa 1868. Mizizi yake hutoa sumu inayoua kuvu wale wadogo wa udongoni ambao huisaidia miti kupata chakula. Tena ukiung'oa wakati una maua na kuutupa chini, waweza kukomaza mbegu hali umelala pale pale. Kwa hiyo wang'oaji huutia katika mifuko na kuuondoa kabisa.

Nyasi za Kijapani. Nyasi hizi zina mstari wa rangi ya fedha katikati ya jani. Zilionekana kwanza katika jimbo la Tennessee mwaka wa 1919, na inadhaniwa zilikuja kama majani ya kufungia vyombo vya udongo visivunjike safarini. Paa hawazipendi. Hula mimea mingine na kuziacha hizo, na kwa njia hiyo huzipalilia bila kujua. Mwenye ng'ombe analijua jambo hili: malisho yakiliwa sana, kinachobaki ni kile ng'ombe alichokikataa. Mtaalamu mmoja wa Rutgers, Joan Ehrenfeld, pamoja na wenzake, walipima udongo wa New Jersey chini ya nyasi hizi na chini ya baberi, wakakuta kwamba hata udongo wenyewe umebadilika. Uchachu wake umepungua. Ndiyo kusema gugu likikaa sana, hata ukiling'oa, humwachii jirani yake shamba lile la kwanza.

Waridi-mwitu wa maua mengi. Huyu aliletwa kwa heshima. Katika miaka ya 1930 idara ya serikali ya kuhifadhi udongo iliwashauri wakulima kumpanda awe ua wa kuzuia ng'ombe na mmomonyoko. Leo ameyaziba malisho, na majimbo kadhaa yamemtangaza kuwa gugu baya. Msomaji wa Kenya atakumbuka mathenge, uliopandwa Baringo miaka ya 1980 kwa ajili ya kuni na kuzuia jangwa, nao ukaziba malisho na njia za maji. Mwaka wa 2006 wenyeji waliishtaki serikali mahakamani, na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake aliletwa awe ushahidi. Basi si kila gugu huja kwa wizi. Mengine hukaribishwa.

JINSI KAZI IFANYWAVYO

Mtu akitaka kujitolea, kwanza hupewa mafunzo mafupi. Hafundishwi mimea yote ya msituni. Hilo lingemchukua miaka. Hufundishwa orodha ya magugu machache tu, lakini hayo huyajua barabara: jani, shina, mzizi, ua na tunda. Hufundishwa pia mimea ya asili inayofanana nayo, maana hapo ndipo penye hatari ya kukosea. Kwa mfano, jani la baberi ya Kijapani lina kingo laini, bali la ile ya Ulaya lina meno madogo kandokando. Tofauti ni ndogo, lakini aliyeishika mkononi mara moja hasahau. Mimi niliyesomea ualimu nathibitisha kwamba picha ubaoni hufundisha nusu. Nusu nyingine hufundishwa na mmea wenyewe.

Baada ya mafunzo, kila mtu hupewa kipande chake cha njia, maili chache tu. Hutembea polepole akitazama pande zote mbili. Akiliona gugu la orodha huandika mambo manne: jina lake, mahali lilipo, wingi wake, na tarehe. Siku hizi wengi hutumia simu ya mkononi, ambayo hupiga picha na kuweka alama ya mahali kwenye ramani. Jimbo la New York lina daftari lake kwenye intaneti, liitwalo iMapInvasives, ambamo habari hizi hukusanywa. Kadhalika jimbo limegawanywa katika sehemu 8, na kila sehemu ina shirika lake la kushughulikia magugu, ili ripoti iwe na mtu wa kuipokea.

Kuna jambo moja katika kazi hii ambalo wengi hulidharau, nalo ni la maana kuliko yote. Mtafutaji akipita kipande chake na asione gugu, huandika pia kwamba hakuona. Mtu aweza kusema, kuna faida gani kuandika kitu kisichokuwapo? Faida ni hii. Ukiandika mahali lilipo tu, huwezi kujua kama pale pengine ni pasafi au hapajatazamwa. Ukiandika na mahali lisipokuwapo, ramani itakuonyesha mpaka wa gugu, na mpakani ndipo vita hushindwa au kushindikana. Gugu lililokwisha kuenea kila mahali, kikosi hakiwezi kulimaliza. Lakini mche mmoja ulioruka mpaka, peke yake katika bonde safi, huo huandamwa mara moja.

Twaweza kuuona ukweli huu kwa hesabu ya nyumbani. Gugu likiwa mche mmoja, mtoto atokaye shule huling'oa kwa mkono mmoja bila kusimama. Likiisha kumwaga mbegu, mwaka ujao yataka watu wanne na majembe siku nzima. Likiachwa tena, yataka fedha ya dawa na trekta, na hata hivyo mbegu zilizozikwa udongoni zitaendelea kuota miaka mingi. Mbegu za haradali-saumu zaweza kungoja udongoni kwa miaka 10. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Chama hicho pia kina mbwa waliofunzwa kunusa magugu, kama wale wa polisi wanusao bangi. Mbwa hulikuta gugu changa lililofichwa na majani, ambalo jicho la mtu hulipita.

Tena watembeaji wenyewe wamefundishwa kwamba wao ndio wachukuzi. Mwanzoni mwa njia nyingi za Marekani siku hizi kumewekwa brashi ya chuma iliyofungwa ardhini, ili mtu asugue viatu kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Asiyefanya hivyo aweza kuwa anatafuta gugu kwa macho, huku akilipanda kwa miguu.

JE, KAZI YA WATU HAWA YAAMINIKA?

Hili ni swali la haki. Mtu asiyesomea mimea aweza kukosea. Aweza kuita nyasi nzuri adui, au kumpita adui akidhani ni nyasi nzuri. Hasa kukadiria wingi ni kazi ngumu: huyu ataandika "machache", na mwenzake, pale pale, ataandika "mengi".

Dawa ya kasoro hii si kuwafukuza watu wa kujitolea, ila ni kuipanga kazi ifanane na uwezo wao. Orodha iwe fupi. Mimea iliyo rahisi kutambulika itangulie. Mtu akiwa na shaka, apige picha au achukue tawi, aulize. Na ripoti ya gugu lisilopata kuonekana mahali pale ihakikishwe na mtaalamu kabla ya panga kutolewa. Bwana Shamba mmoja hawezi kutembea maili 2,000. Watu elfu moja wenye maili mbili mbili waweza, naye akatembelea pale tu walipoona jambo.

KUJUA SI KUTENDA

Sasa tunafika kwenye jambo gumu, na yafaa tulisome vizuri.

Watafiti wa Rutgers, wakiongozwa na Rebecca Jordan, walitaka kujua kama kazi hii inawabadilisha watu wenyewe. Waliwapa maswali kabla ya kazi na baada yake, na matokeo yalichapishwa mwaka wa 2011. Ujuzi wa watu kuhusu magugu ulikuwa umeongezeka kwa wastani wa asilimia 24. Wengi walisema kwamba sasa wanaweza kuyatambua magugu, na kwamba wanafahamu madhara yake. Hiyo ni habari njema. Lakini walipoulizwa wamefanya nini juu ya magugu katika maisha yao, mabadiliko yalikuwa madogo sana.

Tuseme kweli, je, sisi ni tofauti? Mara ngapi tumekaa barazani, tukamsikiliza Bwana Shamba akieleza vizuri, tukatikisa kichwa na kupiga makofi, kisha tukarudi nyumbani kwa njia ile ile na kuliruka gugu lile lile? Hatukukosa elimu. Tulikosa siku, tulikosa mtu wa kuanza, na kila mmoja alimngoja mwenzake.

Ndiyo maana chama kile hakikuishia kwenye kuandika, bali kiliunda pia vikosi vya kung'oa. Watu hupewa tarehe, mahali pa kukutana, na kiongozi. Mtu aliyeitwa kwa jina, siku fulani, na jirani zake wakimwona, huja. Mtu aliyeambiwa "magugu ni mabaya" hukubali, akaenda zake.

JAMBO HILI LATUHUSUJE?

Skimu zetu zilipimwa kwa mistari. Kila mtu ana namba ya shamba lake, na kati ya mashamba kuna barabara za marram, vijia vya ng'ombe, na kando za mito. Hizo zote ndizo milango ya magugu. Na magugu ya kuogopwa yapo. Liko gugu karoti, ambalo wataalamu huliita parthenium. Majani yake yafanana na ya karoti, maua yake ni meupe na madogo, na mche mmoja waweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Huwasha ngozi ya mtu, huleta shida ya kupumua, na ng'ombe akilila, maziwa na nyama huharibika ladha. Mwaka wa 2010 lilitangazwa rasmi Kenya kuwa gugu hatari. Liko mathenge, tuliokwisha kuutaja. Na iko mpungate, yaani kakati ya miiba, ambayo imeharibu malisho mengi katika Laikipia.

Hatuna haja ya mbwa wala ya brashi za chuma. Twahitaji daftari moja na utaratibu. Hii ndiyo shauri yetu:

1. Gawanyeni njia. Katika mkutano wa chama cha ushirika au baraza la chifu, kila nyumba kumi zichukue kipande chao cha njia, na jina la msimamizi wa kila kipande liandikwe. Kipande kisicho na jina la mtu kitakuwa cha gugu.

2. Chagueni magugu matatu au manne tu. Mwiteni Bwana Shamba au Bibi Shamba wa wadi aje na mimea yenyewe, si picha peke yake. Watoto wa shule wawepo, maana macho yao ni makali na wao hupita njiani kila siku.

3. Tembeeni mara mbili kwa mwaka, wiki chache baada ya mvua ndefu kuanza, na wiki chache baada ya mvua fupi. Wakati huo magugu yameota lakini mengi hayajatoa maua.

4. Andikeni, hata kama hamkuona kitu. Daftari liwe hivi: "Kijia cha kutoka mtoni mpaka kituo cha maziwa. Gugu karoti, miche miwili karibu na daraja. Mathenge, hakuna. Mpungate, hakuna." Na tarehe. Mwaka ujao mtajua kama mnasonga mbele au mnarudi nyuma.

5. Hakikisheni kwanza. Mkiona mmea mgeni msioujua, mpelekeeni mtaalamu picha au tawi lililofungwa katika mfuko. Msing'oe mimea mizuri kwa kudhani.

6. Ng'oeni siku hiyo hiyo, pamoja na mzizi, kabla ya maua. Kwa gugu karoti vaeni glavu au mfuko wa plastiki mikononi, na nguo ya mikono mirefu. Likiwa limekwisha kutoa maua, lisiburutwe njiani. Litiwe katika gunia, likaushwe mahali pamoja na kuchomwa.

7. Fungeni mlango. Safisheni magurudumu ya trekta ya kukodi kabla haijaingia shambani. Ulizeni nyasi kavu mnazonunua zimekatwa wapi. Ng'ombe aliyenunuliwa mbali afungiwe mahali pamoja siku chache, ili mbegu zilizo katika mavi yake ziote pale mnapoziona.

Mtu mmoja aweza kusema, "Shamba langu ni safi, njia hainihusu." Huyo afikirie tena. Mbegu haisomi namba ya shamba, wala haijui mpaka uliowekwa na mpima ardhi. Usafi wa shamba lako hudumu mpaka gugu la njiani litakapokomaa.

Watu wale wa New York hawalimi katika misitu yao. Hawauzi kitu kitokacho humo, na wakiuacha msitu uharibike, watoto wao hawatalala njaa. Hata hivyo huamka Jumapili, wakachukua fomu na kalamu, wakatembea na kutazama. Sisi tulio na mahindi, ngano na maziwa ya kulinda, tuna sababu iliyo kubwa zaidi. Basi kesho asubuhi, upelekapo maziwa, usitazame mbele tu. Tazama kando ya njia, kulia na kushoto. Ukiuona mche mmoja usioufahamu, simama.